Maji ya Mgema

Alfajiri, kabla jua halijaanza kuchoma, mgema huupanda mnazi kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina lake. Kiunoni amefunga kotama na kibuyu. Akifika kileleni hulikata karara ncha kidogo ili utomvu mpya uanze kudondoka, humimina ule uliokusanyika usiku kucha, kisha hushuka. Jioni hupanda tena. Utomvu wenyewe, ukiwa mpya, una utamu wa maji ya muwa. Hamira za asili zilizobaki kwenye kibuyu huanza kuuchachua papo hapo. Baada ya saa chache ni tembo kali, na baada ya siku moja au mbili ni siki ya kutilia kachumbari.

Kati ya kilele cha mnazi na kata ya mnywaji hakuna shahidi. Mgema yuko peke yake na kibuyu chake, na mtungi wa maji hauko mbali. Hapo ndipo ilipotoka methali ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili ameiandikia insha: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa miaka mingi imefundishwa kama onyo kwa watu wanaovimba vichwa wakisifiwa, hata tembo lenyewe likasahaulika. Ukiirudisha kilabuni ilikozaliwa, methali hiyo inatoa madai ya ajabu kidogo. Haimtaji mgema mwenye njaa, wala mgema mwizi. Anayetia maji ni yule aliyesifiwa, na aliyemsifu ni mteja.

Kiswahili kina kitenzi mahususi cha kazi hiyo: kuzimua, yaani kupunguza ukali wa kitu kwa maji. Walevi wa siku hizi wamekipa maana ya pili, kunywa asubuhi ili kutuliza kichwa kinachogonga kwa pombe ya jana. Neno moja limebeba maji yanayopunguza pombe na pombe inayotibu pombe. Wanaolitumia wala hawashangai.

Wagiriki wa kale wangeshangaa kusikia kwamba kutia maji ni hila. Kwao, asiyetia maji ndiye aliyekuwa na kasoro. Katikati ya chumba cha karamu kilikaa chungu kikubwa kilichoitwa krateri, divai na maji vikichanganywa humo mbele ya wageni wote, na msimamizi wa karamu ndiye aliyeamua kipimo. Mshairi Hesiod alipendekeza sehemu tatu za maji kwa moja ya divai. Kunywa divai kavu kulihesabiwa kuwa tabia ya washenzi. Herodotus anasimulia kwamba Wasparta walieleza wazimu wa mfalme wao Cleomenes kwa sababu hiyo: alikaa na wajumbe wa Waskithi, akajifunza kwao kunywa divai bila maji. Tabia hiyo iliingia hadi kwenye lugha. Mgiriki wa leo huiita divai krasi, jina linalotokana na neno la kale la kuchanganya.

Ndiyo maana kisa cha Polyphemus katika Odyssey ya Homer kilikuwa na utani ambao msomaji wa leo huupita bila kuuona. Odysseus amenaswa ndani ya pango la zimwi lenye jicho moja, linalowala wenzake wawili wawili. Ana kiriba cha divai aliyopewa na kuhani Maron, kali kiasi kwamba mwenyewe Maron alikuwa akitia kikombe kimoja kwenye vipimo 20 vya maji. Odysseus anampa zimwi divai hiyo kavu, vikombe vitatu mfululizo. Zimwi linalewa chakari, linaanguka, na jicho linatobolewa kwa gogo la mzeituni lililochongwa ncha na kutiwa motoni. Msikilizaji wa Kigiriki alijua kosa lilianzia wapi: hakuna aliyetia maji.

Roma nayo ilikunywa divai kwa maji, ila huko biashara ilikuwa imeingilia kati. Mtu aliyekunywa kwenye baa moja ya Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79, aliandika ukutani laana dhidi ya mwenye baa, kwamba anawauzia watu maji huku yeye akijinywea divai safi. Maneno hayo yanajulikana hadi leo. Mshairi Martial alilalamika kinyume chake. Mji wa Ravenna ulikuwa na shida ya maji, kiasi kwamba maji yalikuwa ghali kuliko divai. Basi mshairi anadai kwamba mwenye baa wa huko alimtapeli, kwani aliomba divai iliyochanganywa, akauziwa kavu.

Wanywaji walitafuta njia za kumnasa mtiaji. Cato Mzee, mwanasiasa mkali na mkulima, alishauri chombo cha mti wa mtambaa uitwao aivi: divai ingepenya na kutoka, maji yangebaki ndani. Kipimo hicho hakifanyi kazi, lakini kilinakiliwa na waandishi wa baadaye kana kwamba kila mmoja alikijaribu. Hadithi nyingine inayopendwa ni kwamba Hammurabi wa Babeli aliamuru wauza bia waliotia maji watoswe mtoni. Sheria yake ya 108 ipo kweli, inawahusu wanawake wenye vilabu, na adhabu ni kutupwa majini. Lakini kosa inalolitaja ni la vipimo na bei, si la kuzimua bia. Pengine adhabu yenyewe ndiyo iliyowafanya watu wakumbuke maji mahali ambapo hayakuwepo.

Kisha kuna jeshi la wanamaji la Uingereza, ambalo lilitia maji kwa amri ya maandishi.

Karne ya 18 mabaharia wa Kiingereza katika bahari ya Karibi walikuwa wakipewa nusu painti ya ramu kila siku, karibu robo lita, na waliinywa kavu, mara nyingi kwa mkupuo. Waliolewa walianguka kutoka kwenye milingoti au walijeruhiana. Tarehe 21 Agosti 1740, Admirali Edward Vernon aliwaagiza manahodha wake kwamba ramu hiyo ichanganywe na kwati moja ya maji, yaani maji mara nne ya ramu, na igawiwe mara mbili kwa siku. Vernon alikuwa na mazoea ya kuvaa joho la kitambaa kizito kilichoitwa grogram, na mabaharia walikuwa wakimwita Mzee Grog. Kinywaji alichowaletea wakakipa jina hilo hilo, grog.

Lililo muhimu katika amri ile ni sehemu inayofuata. Vernon alitaka mchanganyo ufanyike juu ya sitaha, ndani ya pipa maalumu, mbele ya luteni wa zamu, ili asipatikane mtu wa kudhulumiwa haki yake. Alijua vizuri kwamba baharia angeyavumilia maji aliyoyaona yakimiminwa. Maji ambayo angeyashuku yangeleta uasi. Afisa wa stoo melini alikuwa mtu wa kutiliwa shaka sikuzote, na mabaharia wamesimulia vizazi kwa vizazi jinsi ramu ilivyopimwa: inamwagwa juu ya baruti, kisha baruti inawashwa. Ikishika moto, ramu ni halali. Ikizima, mtu ametia maji. Kiwango cha mpaka baina ya kuwaka na kuzima, kama asilimia 57 ya kileo, ndicho Waingereza walichokiita uthibitisho. Sheria ya mwaka 1816 iliachana na mambo ya moto na kuidhinisha haidromita ya Bartholomew Sikes, chombo kinachoelea, ambacho huzama zaidi kadiri kileo kinavyokuwa kikali. Ndugu yake wa karibu yuko leo kwenye vituo vya kukusanyia maziwa Afrika Mashariki, akiwasubiri wafugaji wenye mkono mwepesi wa maji.

Maji ya Vernon yalikuwa na faida ambayo ilidumu kuliko yeye. Ramu kavu inaweza kufichwa, kulimbikizwa wiki nzima na kunywewa siku moja. Grog huharibika upesi, hivyo baharia hakuwa na budi kuimaliza hapo hapo. Hadi siku mgawo huo ulipofutwa, tarehe 31 Julai 1970, mabaharia wa vyeo vya chini walikuwa bado wanapewa ramu yenye maji, na maafisa wadogo waliowazidi cheo walipewa kavu. Siku hiyo ya mwisho baadhi ya manowari zilifanya mazishi ya mzaha, mabaharia wakiwa na vitambaa vyeusi mikononi.

Nchi kavu, London, hakukuwa na luteni wa zamu. Mwaka 1820 mkemia mzaliwa wa Ujerumani, Friedrich Accum, alichapisha kitabu kuhusu vyakula na vinywaji vilivyochakachuliwa, jalada lake likiwa na picha ya fuvu. Nakala 1000 za kwanza ziliisha ndani ya mwezi mmoja. Accum alieleza jambo ambalo mlevi wa kawaida hakulifikiria: maji hayaingii peke yake. Bia ikitiwa maji hupoteza povu, uchungu na nguvu, na mwenye baa analazimika kuvirudisha kimoja kimoja. Povu lilirudishwa kwa chumvi ya madini ya chuma na shabu. Nguvu ya kulewesha ilirudishwa kwa tunda liitwalo cocculus indicus, lililoagizwa kutoka Asia, ambako wavuvi walilitumia kulevya samaki kama wavuvi wa kwetu wanavyotumia utupa. Mnywaji aliyedhani amekunywa bia kali alikuwa amekunywa maji yenye sumu ya samaki.

Accum hakuishia kwenye kemia. Alichapisha pia majina ya wafanyabiashara waliokwisha kutiwa hatiani mahakamani. Muda si mrefu alishtakiwa kwa kuchana kurasa za vitabu vya maktaba ya Royal Institution, akaondoka Uingereza na kurudi Ujerumani. Sheria ya kwanza ya Uingereza dhidi ya uchakachuaji wa vyakula kwa jumla ilipita mwaka 1860.

Mwishoni mwa mwaka huo huo gazeti moja la London lilianza kuwa na mtiaji maji mpya, mtoto wa miaka kama saba. Pip, katika riwaya ya Charles Dickens iitwayo Great Expectations, anaiba brandi kabatini mwa dada yake ili ampelekee mfungwa aliyetoroka. Pengo linaonekana kwenye chupa, naye analijaza kwa kilichomo kwenye jagi la karibu. Siku ya Krismasi mgeni wao, Mzee Pumblechook, anainua glasi yake kwa madaha, anakunywa, kisha anatimka nje akikohoa na kutapatapa. Jagi lilikuwa la maji ya lami, dawa ambayo dada mtu alikuwa akimnywesha Pip kwa nguvu. Dickens alijua kwamba mtiaji yeyote hutia gizani, na kwamba giza lina makosa yake.

Makosa ya aina hiyo hayachekeshi daima. Novemba 2000, Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe haramu yenye methanoli. Ilikuwa pombe ya bei ya chini kabisa, ya aina iliyoitwa kumi kumi kwa sababu glasi moja iliuzwa shilingi kumi. Ni njia ile ile ya wenye baa wa Accum: kinywaji kimepunguzwa hadi hakina nguvu, kisha nguvu ikanunuliwa mahali pengine kwa rahisi. Mnywaji wa mtaani anayenung'unika kwamba chang'aa ya leo ina maji mengi huenda hajui bahati yake.

Lakini katika visa vyote hivi mgema wa methali hajatokea. Mwenye baa wa Pompeii hakusifiwa na mtu. Vernon alitaka nidhamu, Pip aliogopa bakora. Mtu aliyetia maji kwa sababu ya sifa alionekana Februari 2013, mbali sana na minazi, katika jimbo la Kentucky, Marekani.

Kampuni ya Maker's Mark hutengeneza wiski ya aina ya bourbon, na wiski hiyo hukaa kwenye mapipa ya mwaloni karibu miaka sita kabla ya kuuzwa. Bourbon nyingi hutoka kwenye pipa zikiwa kali kuliko inavyotakiwa na huzimuliwa kwa maji kabla ya kutiwa chupani. Hilo ni halali, na hakuna anayelalamika. Ila sifa za Maker's Mark zilikuwa zimeenea hadi mahitaji yakazidi mapipa yaliyokuwa tayari, na mapipa ya miaka sita nyuma hayaongezeki leo. Tarehe 9 Februari kampuni iliwaandikia wateja wake waaminifu barua pepe: kileo kitashuka kutoka asilimia 45 hadi 42. Kwa hesabu ya kawaida, wiski ya chupa 14 ingejaza chupa 15.

Wakuu wa kampuni walieleza kila kitu waziwazi, kama luteni juu ya sitaha. Walisema pia kwamba waonjaji wao hawakuweza kutambua tofauti. Haikusaidia. Wateja waliwashambulia kwa barua na simu, na tarehe 17 Februari, siku nane tu baadaye, kampuni iliomba radhi na kurudi kwenye asilimia 45.

Katika siku hizo nane wateja walikuwa wamekimbilia madukani kununua chupa za zamani kabla hazijaisha. Miezi mitatu ya kwanza ya mwaka huo mauzo ya Maker's Mark yalipanda sana, na mapipa ya Kentucky yalihitaji miaka ile ile sita.