Reli ya Lobito ilipandiwa miti, jiko la Katanga likaachiwa pori

Kolwezi ni mji wa umeme na wa makala. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako karibu, nyaya kubwa zinapita juu ya mitaa, lakini umeme mwingi unaenda migodini. Kwenye nyumba nyingi chakula kinapikwa kwenye mbabula. Makala yenyewe yanatoka mbali kuliko zamani, kwa sababu pori la karibu limekatwa.

Wengi wanasema hii ni kwa sababu watu wamekuwa wengi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Miaka mia moja na zaidi iliyopita, Wazungu waliotawala Afrika walijua vizuri kwamba kuni zinaisha. Mahali pengine walipanda miti mapema. Walipopanda, walikuwa wanafikiria kwanza gari la moshi.

Nairobi, 1907

Mashine ya mvuke inakula moto mchana na usiku. Makaa ya mawe ya kuleta kwa meli yalikuwa ghali, na miti ya kando ya reli ilikwisha haraka. Nchini Kenya, reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901. Mwaka uliofuata serikali ya Waingereza ilianzisha idara ya misitu. Mwaka 1907 ikafungua bustani ya kujaribia miti mjini Nairobi, ile inayoitwa Arboretum hadi leo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutafuta miti ya kigeni inayokua upesi ili itoe kuni za reli.

Mti uliopendwa zaidi ni mkaratusi, uliotoka Australia. Mbegu zake ni ndogo sana. Zinamwagwa kwenye tuta laini lenye kivuli cha majani, zinanyunyiziwa maji polepole, kisha miche inahamishwa mmoja mmoja. Mvua zikianza, inapelekwa shambani. Baada ya miaka kama saba mpaka kumi mti unaweza kukatwa, na kisiki kinachipua tena bila kupandwa upya. Kisiki kimoja kinaweza kuvunwa mara kadhaa.

Kupalilia maelfu ya miche kulihitaji mikono mingi. Kwa hiyo wakulima waliruhusiwa kulima mahindi na maharagwe katikati ya miche kwa miaka michache, wakiilinda. Miti ilipokuwa mikubwa na kufunika ardhi, walihamishwa kwenda kipande kingine. Serikali ilipata msitu kwa gharama ndogo. Mkulima alipata chakula, lakini ardhi haikuwa yake.

Reli inayofika Kolwezi

Mfano ulio karibu zaidi na Lualaba ni reli ya Benguela, nchini Angola. Ilianza kujengwa mwaka 1903 kutoka bandari ya Lobito. Mwenye mpango alikuwa Robert Williams, Mskoti ambaye kampuni yake ilikuwa pia kati ya waanzilishi wa Union Minière mwaka 1906. Lengo lilikuwa shaba ya Katanga. Mwaka 1931 reli hiyo iliungana na ile ya Katanga inayopita Tenke na Dilolo, na mji wa Kolwezi ukazaliwa kando yake mwishoni mwa miaka hiyo ya 1930.

Hapa aliyepanda ni kampuni, si serikali. Kampuni ya reli ilipanda misitu mikubwa ya mikaratusi kwenye nyanda za juu za Angola, kando ya njia yake. Magari ya moshi makubwa yaliyotengenezwa Manchester yalivuta mabehewa kwa moto wa kuni hizo mpaka miaka ya 1970. Shaba iliyochimbwa huku kwetu ilifika baharini kwa kuni za kupandwa.

Na Katanga?

Huku njia ilikuwa nyingine. Reli kutoka Rhodesia ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka 1911 tanuru ikatoa shaba ya kwanza. Moto wake ulitegemea koki, na koki nyingi ilitoka mgodi wa Wankie, Zimbabwe ya leo. Mwaka 1930 bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, lilianza kutoa umeme. Kwenye miaka ya 1950 zikafuata Nzilo na Nseke.

Kwa hiyo mashine zilipata koki, kisha umeme. Wafanyakazi na jamaa zao waliendelea kupikia kuni na makala ya miombo. Muputu, mutondo na mubanga vilikatwa kama vitu visivyo na mwisho, kwanza kuzunguka Lubumbashi, halafu kuzunguka kila mji wa mgodi.

Hasara si ya moto peke yake. Uyoga mwingi unaouzwa kando ya barabara wakati wa mvua unaishi pamoja na mizizi ya miti ya miombo. Viwavi vya kuliwa na asali vinatoka humo pia. Mkaratusi unatoa kuni upesi, lakini haurudishi vitu hivyo vyote, na unakunywa maji mengi. Kupanda mkaratusi kila mahali si dawa.

Lakini miombo nayo inachipua kwenye visiki na mizizi. Ikikatwa vizuri, ikalindwa na moto wa kiangazi na isilimwe haraka, pori linarudi. Linahitaji miaka, na linahitaji mtu mwenye kazi ya kulilinda.

Mchanga wa Kingamyambo unaonyesha kwamba Kolwezi inajua kuweka akiba. Mabaki hayo ya mtambo wa kusafishia madini yalirundikwa kwa miaka mingi, na leo yanafanyiwa kazi upya kwa sababu shaba na kobalti zilibaki ndani yake. Kisiki cha muputu nacho kina mavuno ya pili.

Siku hizi reli ya Lobito inazungumzwa tena, na hesabu zinazotajwa ni za shaba na kobalti. Magari mapya hayahitaji kuni. Mbabula za Kolwezi bado zinahitaji makala, na sheria ya misitu ya mwaka 2002 inasema misitu ni mali ya taifa. Wakaaji wana haki ya kuuliza kitalu cha miche ya jiko lao kiko wapi.