Luva: Bapa za Kupitisha Hewa na Kuzuia Mvua

Ukimtajia luva fundi wa Tarime mjini au wa Mugumu wilayani Serengeti, atafikiria kwanza dirisha la vioo vyembamba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vinavyofunguka vyote kwa pamoja ukivuta mkono mmoja wa chuma. Hiyo ni luva kweli, ila ni aina moja tu. Luva ni fremu yenye bapa nyingi zilizolazwa kwa mwinamo, zikiachiana nafasi ya hewa, huku kila ubapa ukiufunika kidogo ule wa chini yake. Bapa hizo huwa za mbao, kioo, bati au saruji. Nyingine huzungushwa, nyingine hukazwa moja kwa moja.

Neno tumelipata kwa Waingereza, nao walilitoa katika Kifaransa cha kale. Katika kumbi za Ulaya za zama za kati moto uliwashwa katikati ya sakafu, na jina hilo lilikuwa la kijumba kidogo kilichokaa juu ya paa, chenye matundu ubavuni, ambamo moshi ulitokea na mvua isiingie. Nadhani maana hiyo ya kwanza ndiyo tunayoihitaji zaidi sisi. Majiko mengi ya Tarime na Serengeti bado ni ya kuni. Paa la nyasi lilikuwa na njia yake, maana moshi ulijipenyeza taratibu hadi nje. Bati halipenyezi kitu. Kuhamia kwenye bati ni maendeleo, lakini jikoni pasipo na njia ya juu, moshi hubaki ndani na mama anayepika na mtoto aliye mgongoni mwake.

Tukirudi kwenye jina, katika Kiswahili “tundu la hewa” tayari lina kazi yake: ni vile vitundu vinavyoachwa juu ya lenta. “Shata” ni ubao mzima unaofunguka kwa bawaba. Kwa hiyo napendekeza “luva” ibaki jina la kifaa kizima, luva hii na luva hizi, na kila kipande chake kiitwe “ubapa”. Fundi na mwenye nyumba wakielewana hapo, hata vipimo vinaandikika.

Na vipimo ndivyo vinavyoharibu luva nyingi. Chukua ubapa wenye upana wa sentimita 10, uulaze kwa nyuzi 45. Kwa kwenda juu unakinga takribani sentimita 7. Ukipanga bapa kila baada ya sentimita 5, zinafunikana kwa sentimita 2, na aliye nje akitazama moja kwa moja haoni ndani. Mvua inayosukumwa na upepo hugonga ubapa, ikateremka kwenye mwinamo na kudondokea nje. Lakini pima njia ya hewa yenyewe: kati ya ubapa na ubapa kuna sentimita 3.5, na humo utoe unene wa ubapa. Ukitumia ubao wa inchi moja, unabakiwa na sentimita moja tu. Ukitumia ubao wa sentimita moja, unabakiwa na 2.5. Luva mbili zinafanana kwa mbali, moja inapumua, nyingine ni pambo.

Wavu wa mbu ni wa lazima kwetu, nao hupunguza hewa. Dawa yake ni kuongeza ukubwa wa luva. Wavu ufungwe kwa ndani, mahali mkono unapofika, kwa sababu masizi na vumbi la barabara za changarawe huuziba upesi.

Tarime imekaa kwenye miinuko ya mita 1,500 na zaidi. Usiku wake ni wa baridi, na mvua za alasiri huja na upepo, pengine na mawe. Hapo luva ya vioo chumbani ina udhaifu: hata ikifungwa, haibani vizuri. Ningeweka dirisha la kawaida chini na luva isiyofunguka juu, kwenye ukuta wa pembetatu chini ya paa, kila upande wa nyumba, ili joto la bati litoke bila upepo kumpiga aliyelala. Upande wa Serengeti, kwenye jua kali la mchana, luva ya vioo ina faida kubwa: inafungua karibu dirisha zima, wakati dirisha la aluminiamu la kuteleza hufungua nusu tu.

Kwa zahanati jambo hili ni la uhai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 ulitaka wodi ya kawaida yenye hewa ya asili ipate lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa, na lita 160 kwenye chumba cha wagonjwa wa maradhi yanayoenezwa kwa hewa, kama kifua kikuu. Kiasi hicho hakipatikani kwa dirisha lililofungwa kwa sababu mvua inanyesha.

Unayejenga sasa, zungumza na fundi kabla ukuta wa pembetatu haujafungwa. Mwambie unataka luva pande zote mbili, mtajie unene wa ubapa na nafasi kati ya ubapa na ubapa, na uanze na jikoni.