Kisangani na Saa ya Kutia Saini: Kwa Nini Washirika Walipigana Amani Ilipokaribia

Kati ya Agosti 1999 na Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana mara tatu katika mji mmoja wa Kongo. Yalikuwa majeshi ya nchi zilizoingia vitani pamoja, na viongozi wake walikuwa wamelala handaki moja katika vita vya msituni nchini Uganda. Mji wenyewe haukuwa wa Uganda wala wa Rwanda. Wakazi wa Kisangani, wanaozungumza Kilingala na Kiswahili mtaa kwa mtaa, hawakuwa na bendera katika ugomvi huo. Hata hivyo mizinga iliwaangukia wao.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba washirika hao waligombea almasi. Nami nilifundisha hivyo kwa miaka kadhaa. Nilianza kutilia shaka maelezo hayo nilipoziandika tarehe za mapigano ubavuni mwa tarehe za mikutano ya amani, kwenye karatasi moja. Makala hii inadai kwamba Kisangani haikubomolewa kwa sababu vita viliharibika. Ilibomolewa kwa sababu amani ilikaribia, na kila mshirika alijua kwamba atakayeushika mji siku ya kutia saini ndiye atakayehesabiwa.

Kuhusu asili ya ushirika wenyewe hakuna mabishano makubwa, kwa hiyo sitakawia hapo. Paul Kagame wa Rwanda aliwahi kuwa ofisa wa ujasusi katika jeshi la Yoweri Museveni wa Uganda, na chama chake cha RPF kilivuka mpaka kutoka Uganda tarehe 1 Oktoba 1990. Mwaka 1996 na 1997 nchi hizo mbili zilimsaidia Laurent-Désiré Kabila kumwondoa Rais Mobutu. Kabila alipozigeuka, zilirudi Kongo Agosti 1998 na kuunga mkono kundi jipya la waasi la RCD, ambalo mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Ernest Wamba dia Wamba, mwanahistoria aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kisangani ilianguka mikononi mwao mwezi huohuo. Tangu hapo majeshi mawili yaliishi katika mji mmoja bila kamandi moja.

Mabishano yanaanzia kwenye swali la nini kiliwagawa. Ripoti ya jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Aprili 2001 ilieleza kwa kirefu jinsi rasilimali za mashariki ya Kongo, almasi za Kisangani zikiwamo, zilivyokuwa zikivunwa na mitandao iliyohusishwa na makamanda wa majeshi yote mawili. Tangu ripoti hiyo, waandishi wengi wamerithi hoja yake bila kuihoji. Shirika la International Crisis Group, katika ripoti yake ya Mei 2000 iliyouliza kama Uganda na Rwanda ni marafiki au maadui, lilikuwa pana zaidi. Lilitazama pia tofauti za mkakati: Kampala ilitaka waasi wa Kongo wajijenge wenyewe polepole, Kigali ilitaka ushindi wa haraka. Philip Roessler na Harry Verhoeven, katika kitabu chao cha 2016, walijikita zaidi katika kuvunjika kwa ushirika kati ya Kabila na Kigali. Hoja yao ni kwamba wapiganaji walioshirikiana bila taasisi za kugawana madaraka huishia kuogopana. Naikubali hoja hiyo na naisogeza hatua moja: hofu hiyo haiwaki wakati wote, ina majira yake.

Wanaoshikilia hoja ya almasi wanachanganya sababu ya kudumu na sababu ya wakati. Almasi zilikuwapo Septemba 1998 na Machi 1999, na katika miezi hiyo yote majeshi hayo mawili yaliishi mjini pamoja, yakinung'unikiana lakini bila kurushiana mizinga. Tofauti ya mkakati nayo ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Kitu kilichokuwapo siku zote hakiwezi peke yake kueleza kwa nini bunduki zililia wiki ile na si wiki nyingine.

Basi tuitazame kalenda. Mei 1999 RCD iligawanyika. Wamba aliondolewa uenyekiti huko Goma, nafasi yake akapewa Emile Ilunga aliyeungwa mkono na Kigali, naye Wamba akajikita Kisangani chini ya ulinzi wa Uganda. Huo ulikuwa mpasuko mzito, lakini haukuleta vita mjini. Tarehe 10 Julai nchi sita zilitia saini Mkataba wa Lusaka: Kongo, Angola, Namibia, Zimbabwe, Rwanda na Uganda. Waasi walitakiwa kutia saini pia. Jean-Pierre Bemba wa kundi la waasi la MLC alitia saini tarehe 1 Agosti. Kwa RCD ndipo pakawa na tatizo, kwa sababu palikuwa na watu wawili, kila mmoja akidai kuwa mwenyekiti. Ikabidi wapatanishi wathibitishe nani anaongoza nini, na Wamba akadai kwamba watu wa Kisangani wako upande wake.

Hapo ndipo thamani ya mji ilipobadilika. Kabla ya Julai, Kisangani ilikuwa bandari ya mto, viwanja viwili vya ndege na maduka ya wanunuzi wa almasi. Baada ya Julai ikawa pia hati ya utambulisho. Mwenyekiti aliyesimama Kisangani angeweza kuwaonyesha wapatanishi watu wake, ofisi yake na mji wa tatu wa nchi. Mwenyekiti aliyefukuzwa Kisangani angebaki na barua yenye nembo tu. Mapigano makubwa yalizuka tarehe 14 Agosti na kudumu hadi tarehe 17, siku ambayo Museveni na Kagame walikutana Mweya, magharibi mwa Uganda, wakakubaliana kusitisha. Raia zaidi ya 30 walikuwa wameshauawa. Tarehe 31 Agosti utata wa saini ulimalizwa kwa njia ambayo, kwangu, ndiyo ushahidi mzito kuliko wote: waasisi wa RCD, takriban 50, waliruhusiwa kutia saini mmoja mmoja. Swali la nani mwenyekiti halikujibiwa, lilizungukwa tu. Na mara lilipozungukwa, mji ulitulia kwa miezi minane.

Msomaji atazame miezi hiyo minane kwa makini. Almasi hazikwisha katika kipindi hicho. Wala Wamba na upande wa Goma hawakupatana. Kilichoondoka ni jambo moja tu, yaani ile faida ya pekee ya kuushika mji siku fulani mbele ya mashahidi fulani.

Faida hiyo ilirudi mwaka 2000. Februari 24 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1291, lililoruhusu MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, kuwa na wanajeshi hadi 5,537. Kisangani ilikuwa miongoni mwa miji michache iliyopangwa kupokea vikosi hivyo. Mapema Mei wajumbe wa Baraza la Usalama wakiongozwa na Balozi Richard Holbrooke wa Marekani walizuru Kongo na nchi jirani. Tarehe 5 Mei, wajumbe wakiwa bado katika ukanda huu, mapigano ya pili yalizuka Kisangani na raia wapatao 24 wakauawa. Pande zote zilikubali kuuondolea mji majeshi. Vikosi vilipokuwa katika mpango huo wa kuondoka, tarehe 5 Juni, yakaanza mapigano ya tatu, ambayo wenyeji wanayaita vita vya siku sita.

Kwa muda wa siku sita Waganda walipiga kutoka ng'ambo ya kaskazini ya mto Tshopo, Wanyarwanda wakajibu kutoka ndani ya mji, na daraja la Tshopo likawa koo la vita vyote. Makadirio ya makombora yaliyoanguka yanazidi 6,000. Kanisa kuu la Notre-Dame liliharibiwa, pamoja na shule, hospitali na mamia ya nyumba. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyokusanya matukio ya 1993 hadi 2003 inataja raia waliokufa kuwa kati ya 244 na 760. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi na bado inanisumbua. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni watu 516. Hao ni watu ambao dunia haikuweza kukubaliana hata kama walikufa. Makaburi mengine yalichimbwa uani, na familia zikaendelea kuishi juu yake.

Kuna methali ya tembo na nyasi ambayo kila mwandishi wa habari huifikia anapofika hapa. Siikubali kwa Kisangani. Methali hiyo inayafanya mateso kuwa jambo la maumbile, kana kwamba uwanja ulijikuta tu chini ya miguu. Majeshi haya yalichagua uwanja. Mpaka wa Uganda na Rwanda una vilima na vituo ambako yangeweza kupigana, na katika miezi yote ile hayakurushiana risasi huko. Yalivuka mpaka wa mtu wa tatu ili ugomvi wao usiwagharimu raia wao wenyewe. Hilo ndilo linalovifanya vita vya washirika nje ya nchi kuwa vya hatari ya pekee: asiyepiga kura Kampala wala Kigali ndiye anayelipa.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu ni kwamba baada ya Juni 2000 mapigano ya majeshi hayo hayakurudi Kisangani kwa sababu rahisi tu: Uganda ilishindwa. RCD ya Goma, iliyoungwa mkono na Rwanda, ilibaki na mji, na aliyepigwa hana haja ya saini. Nakubali kwamba ushindi wa upande mmoja ulisaidia kunyamazisha bunduki. Lakini ushindi huo hauelezi kwa nini Uganda, iliyokuwa na jeshi kubwa na ndege, haikujaribu tena wakati almasi zilikuwa bado zinauzwa. Azimio namba 1304 la tarehe 16 Juni 2000 linaeleza zaidi. Lilizitaka nchi zote mbili ziondoke mjini na likasema zinapaswa kuwafidia raia kwa maisha na mali. Tangu siku hiyo Kisangani haikuweza tena kumpa yeyote heshima mbele ya wapatanishi. Ilikuwa imegeuka kuwa aibu.

Uhusiano wa Uganda na Rwanda haukupona haraka. Machi 2001 Uganda iliitangaza Rwanda kuwa nchi adui. Novemba mwaka huo ilibidi Clare Short, waziri wa Uingereza, awakutanishe marais wa nchi hizo mbili London. Mpaka wao wa Gatuna ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa Januari 31, 2022. Lakini hata katika uadui huo wote hawakupigana tena uso kwa uso kama walivyopigana Kisangani. Hawakuwa na mji wa pamoja wa kugombea mbele ya shahidi.

Sheria nayo imeacha kovu ambalo wanazuoni wa uhusiano wa kimataifa hawalipi uzito wake. Kongo iliishtaki Uganda katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Uganda ilijitetea kwamba mahakama haiwezi kuamua kuhusu Kisangani bila Rwanda kuwapo, na utetezi huo ukakataliwa katika hukumu ya tarehe 19 Desemba 2005. Wiki chache baadaye, tarehe 3 Februari 2006, mahakama hiyohiyo ilisema haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda. Februari 9, 2022 Uganda iliamriwa kulipa dola milioni 325 kwa madhara iliyoisababishia Kongo katika vita hivyo, kwa awamu tano za milioni 65 kila mwaka. Hivyo kombora lililotoka ng'ambo ya Tshopo lina mlipaji, na lililotoka upande wa pili wa daraja halina. Mjane wa mtaa wa Makiso hawezi kujua ni lipi lililomuua mumewe. Mbele ya sheria, hata hivyo, swali hilo ndilo linaloamua kama msiba wake una mdaiwa.

Nikivuka mpaka wa data yangu, navuka kwa makusudi. Tangu Novemba 2021 jeshi la Uganda limekuwa mashariki ya Kongo kwa ridhaa ya Kinshasa, likiwapiga waasi wa ADF kwa ndege na mizinga. Mwezi huohuo waasi wa M23 walianza upya, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza mara kwa mara jinsi Rwanda inavyowasaidia, jambo ambalo Kigali inalikana. Goma ilianguka Januari 2025. Mwezi uliofuata Uganda ilithibitisha kwamba askari wake wameingia mji wa Bunia. Juni 27, 2025 Kongo na Rwanda zilitia saini makubaliano Washington, na Uganda haikuwa mezani. Wachambuzi wengi wanaihesabu kila saini kuwa hatua ya kuondoka hatarini. Kwa ushahidi wa 1999, mimi nahesabu kinyume. Wiki za hatari ni zile ambazo ramani itaanza kuchorwa kwa ajili ya waangalizi, na mahali pa kutazama ni wilaya ya Lubero, ambako vikosi vya Uganda na M23 vimekaribiana na hakuna karatasi inayosema nani anaishia wapi. Karatasi hiyo inaweza kuandikwa sasa, kabla wapatanishi hawajauliza nani anashika mji wa Butembo.