Didier Goyvaerts: mwanaisimu aliyesikiliza namna Bukavu inavyoongea

Ukipita soko la Kadutu asubuhi, sikiliza vizuri. Mama aliyeshuka toka Kabare na mboga zake anasalimia mwenzake kwa Mashi, anaita mteja kwa Kiswahili, na bei anaitaja kwa Kifaransa: cinq cents, mille, deux mille. Askari akipita, kuna anayemwitikia kwa Lingala. Hayo yote ndani ya dakika tano, na hakuna mtu anayeshangaa.

Wakaaji wengi wa Bukavu wanaona ni kawaida tu. Wengine wanaona haya. Utasikia mtu akisema: « Siye hatujui Kiswahili, tunachanganya tu. » Lakini huko kuchanganya kumeandikwa katika majarida makubwa ya isimu duniani tangu miaka ya 1980. Jina linalorudi mara nyingi ni la Mbelgiji Didier Goyvaerts, pamoja na Wakongomani walioandika naye. Makala hii inaeleza kazi yake juu ya Bukavu, na kwa nini bado inawahusu watu wa Mashariki leo.

Kutoka kwa sauti za Kiingereza

Goyvaerts hakuanza na Kiswahili. Mwanzoni alikuwa mtu wa fonolojia, yaani elimu ya namna sauti zinavyopangwa ndani ya lugha. Mwaka 1975, yeye na Geoffrey Pullum walitoa kitabu cha insha juu ya sauti za Kiingereza. Insha hizo zilijadili kitabu maarufu ambacho Noam Chomsky na Morris Halle walikitoa mwaka 1968. Ilikuwa kazi ya kanuni na alama, mbali kabisa na kelele za soko.

Bukavu ni mji wa namna nyingine. Uko kwenye ziwa Kivu, na mto Ruzizi tu ndio unaoutenganisha na Rwanda. Kandokando yake wako Bashi na Bahavu. Mbele kidogo wako Barega, Batembo, Bafuliiru, Babembe na wengine. Kila kundi linashuka mjini na lugha yake. Kiswahili kilifika Mashariki ya Kongo na wafanyabiashara waliopita Maniema, upande wa Nyangwe na Kasongo, katika karne ya 19. Baadaye utawala wa Wabelgiji, migodi, misioni na shule vilikieneza zaidi. Kifaransa kilikuja na ofisi, Lingala ikaja na jeshi. Kwa mtu anayesoma lugha, mji kama huu haukubali kuchunguzwa lugha mojamoja, kila moja peke yake.

1983: swali la shule

Moja ya makala za kwanza juu ya mji huu ilitoka mwaka 1983. Goyvaerts aliiandika na wenzake wawili, Semikenke na Naeyaert. Ilihusu siasa ya lugha na elimu katika mji wenye lugha nyingi. Swali lake kila mzazi wa Bukavu analijua: mtoto anayeongea Mashi au Kirega nyumbani, Kiswahili barabarani, na ambaye atafanya mitihani kwa Kifaransa, afundishwe kwa lugha gani?

Jina la Semikenke halifai kusahaulika. Mwaka 1985, Goyvaerts alisimamia kitabu kikubwa cha insha za isimu ya Afrika, kilichotolewa kwa kumbukumbu ya M. W. K. Semikenke, aliyekuwa amefariki. Mara nyingi tunapozungumza juu ya elimu iliyoandikwa na Wazungu kuhusu sisi, tunasahau kwamba palikuwa na Wakongomani waliofanya kazi hiyo pamoja nao. Jina la Semikenke limebaki kwenye jalada la kitabu hicho.

1988: Indoubil, lugha ya vijana

Mwaka 1988, jarida Language in Society lilitoa makala ya Goyvaerts juu ya Indoubil ya Bukavu. Wazee wanaikumbuka. Indoubil ilianzia Kinshasa, wakati mji ukiitwa bado Léopoldville. Vijana waliopenda filamu za kiamerika za cowboy walijiita « Bills », kwa jina la Buffalo Bill, na wakajitengenezea lugha yao. Kule Kinshasa, msingi wake ulikuwa Lingala na Kifaransa.

Goyvaerts alionyesha kwamba Bukavu ilikuwa na Indoubil yake, na msingi wake ni Kiswahili. Sarufi ilikuwa ya Kiswahili. Maneno yalitoka pia katika Lingala, Kifaransa, Kiingereza na lugha za hapa kwetu.

Kwa mzazi au mwalimu, lugha kama hiyo inaonekana ni ya uhuni. Ila inafaa kuangalia inafanya kazi gani. Kijana akiongea Mashi, watu wanajua ni Mushi. Akiongea Kirega, wanajua ni Murega. Akiongea lugha ya vijana, anachoonyesha kwanza ni kwamba ni kijana wa mji. Kwenye mji ambao swali « wewe ni wa wapi? » linaweza kuwa zito, hilo si jambo dogo. Mwaka 2004 wanaisimu Roland Kiessling na Maarten Mous waliiweka Indoubil katika familia moja na Sheng ya Nairobi, Nouchi ya Abidjan na Camfranglais ya Kameruni, yaani lugha ambazo vijana wa miji ya Afrika wamejitengenezea.

1992: kuchanganya kuna kanuni

Mwaka 1992, Goyvaerts na Tembue Zembele walitoa makala juu ya kubadili lugha katikati ya mazungumzo hapa Bukavu. Ili kuelewa jambo lenyewe, chukua sentensi mbili za kila siku:

« Nilienda ku soko, mais bei ilikuwa juu, donc nikarudia. »

« Batoto bashaterminer examen. »

Mtu asiyejua atasema hiyo ni fujo. Lakini angalia sentensi ya pili. « Terminer » na « examen » ni Kifaransa. Vinavyoshikilia sentensi, yaani « ba- » inayoonyesha wengi na « -sha- » inayoonyesha kwamba jambo limekwisha, ni Kiswahili chetu. Hakuna mtu wa Bukavu anayesema « batoto ont-sha terminer ». Hakufundishwa na mtu, lakini anajua haiwezekani. Ni lugha moja inayobeba, nyingine inapakiwa juu yake.

Wazo hilo la lugha inayobeba lilielezwa kwa upana na Mmarekani Carol Myers-Scotton katika vitabu viwili alivyovitoa mwaka 1993, akitumia sana mazungumzo ya watu wa Nairobi wanaochanganya Kiswahili na Kiingereza. Alieleza pia sababu za kijamii: mtu anabadili lugha ili kuonyesha yeye ni nani mbele ya mwenzake, na anataka uhusiano gani naye.

Na « mais », « donc », « parce que »? Hayo nayo yamechunguzwa. Mholanzi Vincent de Rooij alisoma Kiswahili cha Lubumbashi, na kazi yake ilitoka mwaka 1996. Alionyesha kwamba maneno hayo madogo ya Kifaransa yanasaidia kupanga hoja: kwa kuwa yanatoka lugha nyingine, yanasikika wazi, na msikilizaji anatambua hapa jambo linageuka, hapa linafungwa.

Nchi nyingine za Afrika zina kazi ya namna hiyo. Nchini Ghana, Evershed Amuzu amesoma namna watu wanavyochanganya Kiewe na Kiingereza. Yeye anaonyesha kwamba mara nyingine si lugha moja tu inayobeba: zote mbili zinasaidiana kujenga sentensi. Mtu wa Bukavu akisoma habari za Waewe ataona ni kama anasoma habari za nyumbani kwake.

1995 na 1997: Lingala na nguvu

Kazi ya Goyvaerts iliyogusa siasa zaidi ni juu ya Lingala. Mwaka 1995 aliandika juu ya kujitokeza kwa Lingala Bukavu. Mwaka 1997 akarudia jambo hilo katika makala nyingine, safari hii akiunganisha Lingala na mamlaka na ukabila.

Kuna la kushangaza hapo. Bukavu iko ndani ya eneo la Kiswahili. Kwa nini Lingala ipande huku? Historia inajibu sehemu. Lingala ilikuwa lugha ya Force Publique, jeshi la ukoloni, na jeshi la Zaire likaendelea nayo. Mobutu alihutubia watu kwa Lingala. Muziki wa Kinshasa ulijaa kwenye kila baa na kila redio. Lingala ikawa sauti ya wenye nguvu na ya wenye raha. Tena haikuwa ya kabila lolote la Kivu. Mtu akiitumia, hakuna jirani atakayesema amependelea watu wake.

Tarehe zenyewe zinaongea. Oktoba 1996 Bukavu ilitekwa na AFDL. Mei 1997 Mobutu akaanguka, na Laurent-Désiré Kabila, mtu wa Kiswahili kutoka Katanga, akaingia Kinshasa. Yaani makala ya 1997 ilitoka mwaka uleule ambapo utawala ulioibeba Lingala ulikwisha. Tukiisoma leo, ni kama picha ya mji iliyopigwa kabla tu ya dhoruba. Lingala haikufa Bukavu, iko jeshini na iko katika nyimbo. Ila wakaaji wa Mashariki wameona namna uzito wa lugha unavyogeuka wenye bunduki wakigeuka. Kwenye barrière, lugha unayojibia inaweza kukufungulia njia au kukuletea shida. Mama wa soko anayechagua lugha ya kumwitikia askari anapima usalama wake.

Mwaka 2000, Goyvaerts alisimamia kitabu juu ya migogoro na ukabila katika Afrika ya Kati, kilichotolewa Tokyo. Kwa hiyo mtu aliyeanza na sauti za Kiingereza aliishia kwenye swali la kwa nini watu wanagawanyika. Ukifuata kazi zake juu ya Bukavu moja baada ya nyingine, njia inaonekana: shule, vijana, soko, jeshi, vita. Lugha ilimpeleka huko kote.

Faida yake kwa wakaaji leo

Kazi haikusimama. Mwaka 2016 Nico Nassenstein na Paulin Baraka Bose walitoa kitabu cha maandishi na sarufi ya Kiswahili cha Kivu. Lakini makala nyingi zilizotajwa hapa ziliandikwa kwa Kiingereza, katika majarida ya nje ya nchi. Watu walioongea maneno hayo hawakupata nafasi ya kuyasoma.

Hata hivyo, mambo matatu yanaweza kumsaidia kila mtu.

La kwanza ni shule. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mazingira zitumike kufundishia, na zifundishwe pia kama somo. Katika shule nyingi za Afrika inayoongea Kifaransa, zamani mtoto aliyenaswa akiongea lugha ya kwao alivalishwa kitu shingoni, kilichoitwa « symbole », ili aone haya. Mtoto anayechanganya lugha si mjinga. Anayejua kuingiza kitenzi cha Kifaransa ndani ya sarufi ya Kiswahili bila kukosea tayari anamiliki kanuni za lugha mbili. Kazi ya mwalimu ni kumsaidia azitenganishe pale mtihani unapotaka, bila kumdharau.

La pili ni habari za afya na usalama. Katika Kiswahili cha vitabu, « kuuza » ni kutoa kitu na kupokea pesa. Bukavu, « kuuza » ni kununua, na anayetoa kitu « anauzisha ». Sasa fikiri tangazo linalosema: « Msiuze dawa barabarani. » Aliyeliandika kwa Kiswahili cha vitabu alitaka kuonya wachuuzi. Msikilizaji wa Bagira anaelewa kwamba wagonjwa ndio wanaokatazwa. Hapo hakuna anayeongea vibaya, ni Kiswahili viwili vimepishana. Anayeandika matangazo lazima ajue anaongea na nani.

La tatu ni amani kati ya watu. Lugha ya mtu si cheti cha kabila, wala si alama ya upande gani anaounga mkono. Kijana wa Nyawera anaweza kuamka na Mashi, kusoma kwa Kifaransa, kucheza mpira kwa Kiswahili na kuimba Lingala jioni, na akabaki mtu yuleyule.

Mama wa Kadutu hajasoma makala hata moja kati ya hizo. Lakini kila asubuhi, akigeuza ulimi toka Mashi hadi Kiswahili hadi « cinq cents », anafanya kile ambacho wanaisimu walikiandika kwa miaka mingi: anaweka kila lugha mahali pake, na mboga zinatoka.