Chumvi ya Uvinza na rovu la nchi ya Magharibi

Msafara uliotoka Tabora kwenda Ujiji ulikuwa na mahali pamoja pasipokwepeka: kivuko cha mto Malagarasi, katika nchi ya Wavinza. Hapo hongo, yaani ushuru wa kupita, ililipwa kwanza, ndipo mitumbwi ikaachiliwa. Richard Burton na John Speke, waliofika Unyanyembe Novemba 1857, walivuka mapema mwaka uliofuata. Henry Stanley alipita nchi hiyo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na kitabu chake kimejaa manung'uniko juu ya hongo aliyotozwa Uvinza. Lakini utajiri wa Wavinza haukuwa kivuko peke yake. Karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia Malagarasi ziko chemchemi za maji ya chumvi, na chumvi hiyo ndiyo iliyokoleza vyungu vya Unyamwezi, Buha na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Mwaka 1967 J. E. G. Sutton na Andrew Roberts walichimba penye chemchemi hizo wakakuta vigae vya vyungu na mafiga ya watu waliochemsha chumvi tangu karne ya 5 au ya 6 hivi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kiangazi, kwa kuwa masika huyazimua maji ya chemchemi. Watu walihama makwao wakapiga kambi, wakateka maji, wakayachemsha katika vyungu mpaka yakakauka, huku watawala watatu wa Uvinza wakigawana eneo na ushuru wake. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyepita hapo alijua kwamba mzigo wa chumvi ni fedha taslimu. Wajerumani nao walilijua hilo. Mwaka 1902 kampuni yao ilijenga kiwanda cha chumvi ikapaita Gottorp. Reli ya Kati ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na chumvi ikashuka begani mwa mpagazi ikapanda behewa.

Ninaieleza historia hii kwa kirefu kwa sababu watu wengi hudhani kwamba palipo na chumvi hapana rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Sivyo. Tezi ya shingo, ambayo wengine huiita dundumio, haina haja na chumvi. Inahitaji iodini, ile ambayo zahanati zetu huiita madini joto, na chumvi ya kawaida, hata iliyotoka baharini, huwa nayo kidogo mno. Mazao hupata iodini udongoni, na mvua ya karne nyingi huiosha katika nchi za milima. Ndiyo maana milima ya Buha, Ukinga na Upare ilijaa watu wenye rovu. Mwanakijiji wa Kasulu aliweza kula chumvi ya Uvinza maisha yake yote, na shingo yake ikaendelea kuvimba.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo sana. Mtu mzima anatosheka na mikrogramu 150 kwa siku na mama mjamzito 250. Ya maisha mazima haijai kijiko cha chai. Kwa kiasi hicho tezi hutengeneza homoni ya thairoksini, ambayo kila molekuli yake hubeba atomi nne za iodini. Ikikosekana, ubongo huituma tezi ifanye kazi zaidi, nayo hukua ikijaribu kunasa kila chembe inayopita kwenye damu. Uvimbe unaoonekana nje ndio sehemu ndogo ya madhara. Mtoto aliye tumboni hujengewa ubongo kwa homoni hiyo, na ikipungua sana huzaliwa na akili iliyodumaa, pengine kiziwi, na hakuna dawa ya kumrudishia alichokosa.

Ulaya ilijifunza haya polepole. Mwaka 1891 George Murray wa Newcastle alimdunga mgonjwa wake wa tezi maji ya tezi ya kondoo, na mama yule aliyekuwa amevimba na kupoa mwili akapata nafuu. Mwaka 1895 Eugen Baumann aligundua iodini ndani ya tezi. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1914 Edward Kendall alipata chembechembe safi za thairoksini huko Marekani, na mwaka 1922 Uswisi ikaanza kutia iodini katika chumvi.

Kwetu kipimo cha kwanza kilikuwa vidole. Dakta Michael Latham, mzaliwa wa Kilosa aliyeongoza kitengo cha lishe cha Wizara ya Afya, alichapisha mwaka 1965 uchunguzi wake wa rovu huko Ukinga. Upimaji wenyewe ni rahisi kuueleza, ila wahitaji mkono uliozoea. Mpimaji hukaa akitazamana na mtoto, huweka vidole gumba viwili pembeni mwa koromeo, humwambia ameze mate, na kuisikilizia tezi ikipanda na kushuka. Upande mmoja wa tezi ukizidi pingili ya mwisho ya kidole gumba cha mtoto huyohuyo, huhesabiwa kuwa na rovu. Kila mtoto hubeba rula yake mkononi.

Maabara ya mkojo ilikuja baadaye, nayo ina ufundi wake. Karibu iodini yote tunayokula hutoka kwa mkojo. Mtaalamu huchanganya sampuli na kemikali ya seriamu yenye rangi ya njano pamoja na aseniki, kisha anatazama saa. Iodini ikiwa nyingi njano hupotea upesi, ikiwa haba hukawia. Njia hiyo iligunduliwa mwaka 1937 na bado inafanya kazi.

Ugunduzi mkubwa kuliko wote katika ukanda wetu, hata hivyo, ulitoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mbele zaidi ya mahali misafara ya Ujiji ilipoelekea. Katika miaka ya 1960 François Delange wa Brussels alifanya utafiti kisiwani Idjwi, ziwa Kivu, kwa msaada wa kituo cha utafiti cha Lwiro kilichoko karibu na Bukavu. Kaskazini mwa kisiwa rovu lilikuwa limeenea kupita kiasi. Kusini-magharibi lilikuwa haba. Iodini ilipopimwa, pande zote mbili zilikuwa na njaa ileile. Kwa nini basi upande mmoja wavimbe na mwingine usivimbe? Jibu lilipatikana katika muhogo wa kaskazini. Muhogo usioandaliwa vizuri huacha sianidi mwilini, mwili huigeuza kuwa thiosianeti, na thiosianeti hugombania mlango mmoja na iodini kwenye tezi. Mwenye iodini ya kutosha huhimili, aliyepungukiwa hushindwa. Nikiwaona wanawake wa Kigoma wakiloweka muhogo siku kadhaa kabla ya kuuanika, sioni mazoea tu. Naona kazi ya afya iliyotangulia maabara.

Tanzania ilianza hatua kubwa baada ya Taasisi ya Chakula na Lishe kuanzishwa mwaka 1973. Katika miaka ya 1980 uchunguzi wake ulionyesha kwamba mwanafunzi mmoja kati ya wanne ana rovu. Kuanzia mwaka 1986 vidonge vya mafuta yenye iodini viligawiwa katika wilaya 25 zilizoathirika zaidi, zikiwamo Kasulu, Kibondo na Kigoma, kila dozi ikikusudiwa kutosha kama miaka miwili. Mambo hayakwenda kama yalivyopangwa. Kwa wastani wilaya ziliwafikia theluthi mbili ya walengwa, na dozi za kurudia zilichelewa. Hata hivyo mamilioni ya watu walifikiwa, na katika wilaya zilizopimwa tena rovu lilipungua.

Mwaka 2009 wachumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walichapisha hesabu zilizodai kwamba watoto waliokuwa tumboni wakati mama zao wanameza vidonge walisoma zaidi, karibu nusu mwaka, na wasichana wakafaidika zaidi. Wengine walizirudia hesabu hizo kwa takwimu zaidi wakakuta matokeo yamefifia. Naona kurudia huko ni kwa heshima ya watoto wenyewe: hawastahili kupambwa kwa takwimu zisizosimama.

Katikati ya miaka ya 1990 kanuni za kutia iodini katika chumvi zikaanza kutumika, na chumvi ya Uvinza, ile iliyopita njia ya misafara, ikawa miongoni mwa zilizotakiwa kubeba kilichokosekana tangu mwanzo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004, ulioongozwa na Vincent Assey wa Taasisi ya Chakula na Lishe, ulikuta rovu limeshuka hadi asilimia 7 kwa wanafunzi, na kaya 84 kati ya 100 zina chumvi yenye madini joto. Mtafiti alidondosha tone la maji ya kupimia juu ya chumvi ya mama nyumbani. Ikigeuka bluu, iodini imo. Assey na wenzake pia walikuta Pemba, kisiwa kilichozungukwa na bahari na samaki, karibu hakuna kaya yenye chumvi hiyo, na watoto wengi wana rovu.

Ila takwimu za wanafunzi hazisemi lolote juu ya mama mjamzito, ambaye mahitaji yake ni makubwa zaidi, na mwaka 2015–16 kaya 6 tu kati ya 10 zilikutwa na chumvi yenye iodini ya kutosha. Upande wa pili, iodini ikiingia ghafla huweza kumdhuru mzee aliyekaa na rovu lenye vinundu kwa miaka mingi. Tezi yake huanza kumwaga homoni bila kujizuia, moyo hukimbia, mikono hutetemeka, mwili hukonda. Madhara hayo yalionekana Kivu katika miaka ya 1990, chumvi yenye iodini ilipoenea. Bibi wa Kasulu au Uyui akifika zahanati na shingo kubwa na mapigo ya kasi, asipewe dawa ya presha akarudishwa nyumbani. Apimwe homoni za tezi, na mkoa uwe na mashine na kemikali za kuzipima.