Kufuli la boneti: historia fupi ya pikapu na wezi

Nimekuwa kimya, kazi ya kuandika programu ilikuwa imenibana. Leo nafunga tarakilishi kidogo tuongee kuhusu boneti. Naam, boneti ya gari.

Juzi nilikuwa nyumbani, Bomet. Baba mdogo ana pikapu ya Land Rover Series III ya petroli, anayobebea kabichi na maziwa ya majirani. Alfajiri moja alizungusha ufunguo, kimya. Kufungua boneti, betri hakuna. Maziwa yalichelewa kufika yanakokusanywa, yakachacha, na majirani bado walitaka pesa zao. Majuto ni mjukuu: kufika saa sita fundi alikuwa ameshachomelea vyuma viwili kwenye boneti na kutia kufuli. Mimi nikabaki najiuliza, kwa nini waliounda gari hili hawakulifunga tangu mwanzo?

Jibu liko kwenye historia. Land Rover ilianza kuuzwa mwaka 1948 kama chombo cha shambani. Mkulima alitaka kuangalia maji na oili haraka, basi kishikio cha boneti kikawekwa nje, unakifungua kwa mkono. Swichi ya ufunguo ilikuwa kwenye dashibodi, na kazi yake ilikuwa moja tu: kupitisha umeme kutoka kwa betri. Kwa hiyo aliyeifikia betri na nyaya zake chini ya boneti hakuhitaji ufunguo. Sisi wa programu tunalijua kosa hili: nenosiri liko mlango wa mbele, ilhali dirisha la nyuma liko wazi.

Ulinzi mkubwa wa kwanza haukugusa boneti kabisa. Ulikuwa kufuli la usukani: hata ingini ikiwaka, gari halipigi kona. Ujerumani Magharibi ililazimisha kufuli hilo kwa magari mapya mwaka 1961, na kufikia 1963 hata magari ya zamani yakatakiwa kuwa nalo. Wizi ulishuka, ukabaki chini. Uingereza ilianza mwaka 1971, lakini kwa magari mapya peke yake. Unajua wezi walifanya nini? Walihamia magari ya zamani! Ndugu msomaji, hapo ndipo penye somo. Ukiimarisha mapya tu, mzigo wa wizi unamwangukia mwenye kuukuu.

Series III ilipotoka mwaka huohuo wa 1971, swichi ilihamia kwenye usukani pamoja na kufuli lake. Boneti ikabaki vilevile, ya kufunguliwa nje. Ndiyo maana mwizi wa baba mdogo hakuhangaika na gari zima. Alichukua kinachobebeka.

Kwenye pikapu nyingi za baadaye, boneti hufunguliwa kwa kuvuta kishikio ndani ya kebini, kilichounganishwa na waya wa chuma. Hapo usalama wa boneti unategemea kufuli la mlango. Kioo kikivunjwa, na boneti imefunguka. Kisha zikaja chipu ndani ya ufunguo: Ulaya ilizifanya za lazima kwa magari madogo mapya mwaka 1998, na ingini haiwaki bila kuitambua chipu yake. Hata hizo si mwisho wa hadithi. Mwaka 2005 watafiti wa Johns Hopkins na RSA Laboratories waliivunja chipu ya Texas Instruments iliyotumia siri ya biti 40 tu. Hizo ni kama trilioni moja za kujaribu, na kwa kompyuta hiyo si kazi kubwa.

Kufuli la fundi wetu halina biti hata moja, lakini linamlazimisha mwizi kupiga kelele, na mbwa wa jirani hawalali. Nilimwuliza baba mdogo swali moja tu: nyaya zikishika moto barabarani, ufunguo utakuwa wapi? Alifikiri kidogo, akautoa kwenye droo ya nyumbani na kuufunga pamoja na ufunguo wa gari.

Wewe mwenye pikapu kuukuu, kaangalie boneti yako leo, kabla hujalala. Mpaka wakati mwingine, kwaherini.