Prijedor: Hukumu Zimetoka, Mji Haujakubaliana

Mji wa Prijedor uko kaskazini-magharibi mwa Bosnia, kando ya mto Sana, karibu na mlima Kozara. Mwaka 1942 majeshi ya Ujerumani na Waustasha, mafashisti wa Kroatia, yaliuzingira mlima huo, na maelfu kwa maelfu ya raia, wengi wao Waserbia, wakaswagwa hadi makambini, Jasenovac ikiwemo. Mwaka 1972 serikali ya Yugoslavia ilisimamisha mnara mkubwa huko Mrakovica, kazi ya mchongaji Dušan Džamonja. Kozara ikawa kumbukumbu ya taifa zima.

Sensa ya 1991 ilihesabu watu zaidi ya 112,000 katika wilaya ya Prijedor: Wabosnia Waislamu asilimia 44, Waserbia asilimia 42. Yugoslavia ikavunjika na vita vikaanza Bosnia; usiku wa kuamkia 30 Aprili 1992 chama cha Waserbia, SDS, kiliutwaa mji. Mwezi uliofuata kitongoji cha Kozarac kilipigwa mizinga, na wasio Waserbia wakaamriwa kutundika vitambaa vyeupe kwenye nyumba zao na kujifunga vingine mkononi. Mgodi wa chuma wa Omarska, kiwanda cha vigae cha Keraterm na shule ya Trnopolje viligeuzwa kambi. Waliouawa au kutoweka wilayani humo wanazidi 3,000.

Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya The Hague, dada wa ile ya Arusha iliyoshughulikia Rwanda, ilianza na Prijedor: kesi yake ya kwanza, mwaka 1996, ilikuwa ya Duško Tadić, mwenyeji wa Kozarac. Milomir Stakić, aliyeongoza wilaya wakati huo, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2003. Rufaa ikakipunguza kuwa miaka 40. Shtaka la mauaji ya kimbari halikuthibitika dhidi yake, lakini mateso na mauaji ya makambini yaliandikwa kwa tarehe na kwa majina. Mwaka 2013 kaburi la Tomašica lilipofukuliwa, likatoa miili zaidi ya 400.

Hata hivyo, mkataba wa Dayton wa 1995 uliiacha Prijedor chini ya Jamhuri ya Waserbia, sehemu ya Bosnia yenye serikali yake, na mamlaka hiyo ndiyo inayoamua jiwe lipi lisimame wapi. Katikati ya mji upo msalaba wa wapiganaji wa Kiserbia. Trnopolje, jirani na ilipokuwa kambi, ipo sanamu ya tai kwa ajili ya wanajeshi wao hao hao. Omarska ilirudi kuchimbwa chuma, na manusura wakawa wanaingia mgodini kuomboleza kwa siku maalumu tu. Tangu 2012 watu huandamana kila 31 Mei wakiwa na vitambaa vyeupe mkononi. Wazazi wa watoto 102 waliouawa wameomba mnara miaka nenda miaka rudi.

Familia za Kiserbia zilizofiwa nazo zina haki ya kulia wafu wao, na machungu ya 1942 si ya kubuni. Tatizo huanza pale msiba mmoja unapotumiwa kuuziba mdomo msiba mwingine. The Hague iliweza kuwafunga wahalifu na kumnyima mkanushaji hoja, lakini haikuwa na uwezo wa kumlazimisha meya atoe kiwanja. Kazi hiyo imebaki kwa wapiga kura wa Prijedor, nao wengi wa waliopaswa kupiga kura hiyo walifukuzwa mwaka 1992.